Kidonge cha Jumatatu

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii tumeitia katika insha zetu tangu shule ya msingi hata imechakaa. Mimi nami niliiandika mara nyingi, na mara nyingi nikatiwa alama ya vema kando yake kwa wino mwekundu. Lakini siku nilipokataa kusikia la mkuu, guu langu halikuvunjika. Aliyeumia ni mkuu mwenyewe, naye ni babangu mzazi. Ndiyo sababu, ndugu msomaji, nimemwomba mhariri wa jarida letu la Chama cha Kiswahili anigawie kurasa chache mwaka huu nieleze yaliyonisibu. Huenda mwenzangu mmoja akaokoka.

Babangu ni muuza kahawa hapa Malindi. Kila alasiri baada ya sala huwasha makaa, akachemsha kahawa tungu kwa tangawizi, akaitia ndani ya dele lake la shaba, kisha akashika njia ya Shela kwenda sokoni huku akigonganisha vifinjani mkononi. Kling, kling, kling! Wazee wa barazani wakiusikia mlio huo hukatiza mazungumzo. Kahawa ya baba ndiyo iliyonilea, ikanivisha sare na kunilipia karo. Nasema haya ili ujue kwamba mikono ya baba kwetu ni shamba, ni duka na ni benki.

Basi nilipokuwa darasa la nane, mikono ile ikaanza kuharibika. Kwanza yalimtoka mabaka mekundu viwikoni na magotini. Juu ya mabaka hayo yaliota magamba meupe, kama chumvi inayobaki juu ya mwamba bahari ikishakupwa. Akijikuna, magamba yalipukutika na damu kuchuruzika. Kisha yakapanda kichwani, yakashuka mgongoni, na mwisho yakafika viganjani na kwenye vidole vinavyoshika finjani.

Binadamu hakosi la kusema. Wako waliosema ni choa sugu. Wako walionong'ona kuwa ni ukoma. Jirani mmoja alimwambia mama, "Huyu mumeo kuna mtu kamfanyia, msikae bure." Mama akaenda kwa mganga akaletewa majani ya kuogea na ubani wa kufukiza. Tulipaka mafuta ya nazi, tukapaka ya mwarobaini, tukapaka na krimu moja ya dukani iliyomtuliza wiki mbili, na alipoiacha yale mabaka yakarudi kwa hasira kuliko mwanzo.

Siku ambayo sitaisahau ni siku mteja mmoja wa baba, mzee aliyekunywa kahawa yake tangu mimi sijazaliwa, alipochomoa finjani yake mwenyewe mfukoni. Akaikinga mbele bila kumtazama baba usoni. Baba hakusema neno. Alimimina, akapokea pesa yake na kwenda zake. Jioni ile alirudi na dele likiwa nusu, akaenda kuimwaga kahawa uani chini ya mpapai. Nilikuwa nikifanya kazi ya ziada ya hesabu. Nilijifanya sioni.

Hatimaye, wakati wa likizo ya Agosti nilipokuwa Kidato cha Kwanza, mjomba alituchangia nauli na gharama za daktari wa ngozi Mombasa. Nilifuatana na baba. Tuliondoka alfajiri kwa matatu, tukapita Gede, tukauacha msitu wa Arabuko Sokoke upande wetu wa kulia, tukavuka daraja la Kilifi jua likiwa limeshatoka juu ya maji, tukapita Mtwapa tukaingia mjini. Njia nzima baba alivaa shati la mikono mirefu na kuificha mikono chini ya kofia yake.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Jambo la kwanza alilofanya ni kumshika baba mikono yote miwili, bila glavu, akaitazama. Nilimwona baba akishtuka. Ulikuwa umepita mwaka hajashikwa mkono na mtu asiye wa nyumbani.

"Mzee," akasema, "hii yaitwa soriasisi. Si ukoma, si uchawi, na haiambukizi. Hata mkishirikiana kikombe kimoja na mkeo miaka thelathini, hapati kitu."

Akatueleza kuwa ngozi ya mtu mzima hujibadilisha polepole, seli za chini zikipanda juu kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Kwa mwenye soriasisi, kinga ya mwili hukosea, ikaishambulia ngozi kana kwamba ni adui, nayo ngozi ikaanza kuota mbio mbio kwa siku chache tu. Hapo ndipo magamba yanaporundikana. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuung'oa kabisa, lakini una dawa za kuutuliza. Kwa vile ulikuwa umeenea mwili mzima, mafuta peke yake yasingefaa. Baba alipimwa damu, ini na figo, akapigwa picha ya kifua. Kisha akaandikiwa vidonge vidogo vya manjano vinavyoitwa methotreksati.

"Sasa nisikilize vizuri," daktari akasema. "Vidonge hivi utameza sita, siku moja tu kwa juma. Siku gani itakuwa rahisi kwako?"

"Jumatatu," baba akajibu.

"Basi Jumatatu. Jumanne usimeze. Jumatano utameza kidonge hiki kingine, asidi ya foliki, cha kukupunguzia madhara. Siku zilizobaki, hakuna. Niambie tena, siku gani?"

"Jumatatu."

Alimrudisha mara tatu kama mwanafunzi wa chekechea. Mimi, kwa ujinga wangu, nilicheka kichinichini.

Tuliporudi nyumbani mambo hayakwenda sawa moja kwa moja. Ami yangu alichukua pakiti, akaliandika jina la dawa kwenye simu yake, mara akapiga ukelele: "Haya njooni mtizame! Hii ni dawa ya kansa!" Mama akashika kichwa. "Ewe Mola wangu! Kumbe mume wangu ana kansa na tumefichwa!" Bibi akaanza kulia. Baba akazitia dawa ndani ya kopo la kashata, akalifunga, akasema hamezi kitu.

Nilipofungua shule nilimwendea mwalimu wetu wa Biolojia. Hakunicheka. Aliniketisha, na kwa siku kadhaa akanipa vitabu na makala za kusoma. Niliyoyapata huko yalinifungua macho, na ningependa nawe msomaji uyapate, maana ni hadithi tamu kuliko nyingi tunazotungiwa.

Safari ya dawa hii ilianzia ng'ambo ya bahari yetu hii hii, huko Bombay, mji ambao majahazi ya pwani yalikuwa yakienda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, daktari Mwingereza, Bi. Lucy Wills, aliwatibu wanawake wajawazito waliopungukiwa na damu, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Aligundua kuwa walipata nafuu wakila chakula kilichotengenezwa kwa hamira. Kitu kilichokuwa ndani ya hamira ile ndicho kilichokuja kuitwa asidi ya foliki, ambayo seli huihitaji ili kugawanyika na kuongezeka.

Miaka ya 1940 wanasayansi wakajiuliza: ikiwa seli za saratani zinaongezeka mbio, je, tukizinyima asidi hii? Mhindi mmoja, Yellapragada Subbarow, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliongoza wataalamu waliotengeneza vitu vinavyofanana na asidi ya foliki bila kuwa yenyewe. Seli huvipokea kwa kudanganyika, kama mtu aliyepewa ufunguo unaoingia kitasani lakini haufungui. Mwaka 1948 Dkt. Sidney Farber wa Boston alitangaza kuwa watoto kadhaa wenye saratani ya damu walipata nafuu ya muda kwa kutumia kimoja cha vitu hivyo, aminopterini. Methotreksati ni ndugu yake.

Sasa sikia maajabu. Mwaka 1951 daktari aitwaye Gubner pamoja na wenzake waliwapa wagonjwa wa baridi yabisi dawa ya aminopterini. Miongoni mwa wagonjwa walikuwamo wenye soriasisi, na ngozi zao zikaanza kusafika bila wao kutarajia! Mwaka 1958 madaktari Edmundson na Guy waliandika juu ya kutumia methotreksati yenyewe kwa soriasisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Marekani ikaidhinisha rasmi matumizi hayo. Kwa hiyo dawa iliyoanzia kwa watoto wenye saratani ya damu imekuwa dawa ya ngozi kwa zaidi ya miaka hamsini. Tofauti kubwa iko kwenye kipimo. Mgonjwa wa saratani anaweza kupewa nyingi mno kuliko ya ngozi, tena kwa uangalizi wa hospitali. Mgonjwa wa ngozi hupewa kidogo, mara moja kwa juma, kuituliza ile kinga iliyopotoka.

Niliyaandika yote haya kwa Kiswahili kwenye daftari, nikaenda kuyasoma nyumbani siku ya Ijumaa baada ya chakula. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu: "Kwa hivyo mimi sina kansa?" Nikamwambia hana. Jumatatu iliyofuata alifungua kopo la kashata.

Mwezi wa kwanza hatukuona kitu ila kichefuchefu cha Jumanne. Mwezi wa pili magamba yakaanza kupungua. Ulipofika mwezi wa tatu viganja vilikuwa laini, na alama za rangi tu zilibaki viwikoni. Yule mzee wa finjani ya mfukoni alikuja siku moja mikono mitupu. Baba akammiminia katika finjani yake mwenyewe, na wote wawili hawakulitaja lililopita. Mama alipika biriani. Nami nikavimba kichwa. Si mimi niliyesoma? Si mimi niliyewaelimisha?

Kumbe kiburi ndicho kilichokuwa kikinipeleka shimoni.

Mwaka uliofuata pesa zilikuwa haba, na tarehe ya kwenda Mombasa ikapita. Vidonge vilipokwisha, baba alinunua vingine katika duka moja la dawa. Alirudi na bahasha ndogo ya karatasi, juu yake pameandikwa kwa kalamu: 1 x 2. Akanipa nimsomee.

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni," nikasema.

Baba akakunja uso. "Kila siku?"

"Kila siku."

"Lakini daktari kasema Jumatatu."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza nikatafakari. Badala yake nikafungua kinywa changu cha Kidato cha Pili, nikasema: "Baba, yale yalikuwa ya mwaka jana. Labda wamebadilisha. Wewe wategemea kukumbuka, hapa pameandikwa. Maandishi hayasahau. Na kwani uliona wapi mtu akameza dawa mara moja kwa juma?" Nayo daftari langu, lenye maneno "mara moja kwa juma" kwa mwandiko wangu mwenyewe, lilikuwa begini sebuleni.

Baba aliishia darasa la nne. Aliinamisha kichwa, akaitazama ile bahasha asiyoielewa, akaniamini mimi.

Siku ya saba akalalamika kuwa mdomo unamuunguza. Siku ya nane alishindwa kunywa kahawa yake mwenyewe. Mdomo wote ulijaa vidonda, hata mate kumeza ilikuwa kazi. Siku ya tisa akapata homa, akatetemeka chini ya mablanketi mawili katika joto la Machi. Nikaona alama za zambarau miguuni pake, na hakuwa amejigonga popote. Usiku ule ule mjomba alikodi tuktuk tukamkimbiza hospitali.

Daktari wa zamu alitazama mdomo wake, akaomba kuona dawa. "Anazimeza vipi hizi?"

Mama akanitazama mimi. Mjomba akanitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Kila siku," nikasema. "Asubuhi na jioni. Mimi ndiye niliyemsomea."

Damu ilipopimwa, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi zilikuwa zimeshuka vibaya, na zile zinazogandisha damu vilevile. Daktari akaisimamisha dawa papo hapo. Baba alitundikiwa maji, akapewa dawa za kuua viini, na sindano za asidi ya foliniki, ambayo huzipa seli kile zilichonyimwa. Nilimwuliza daktari mbona kidonge kidogo vile kimeleta balaa kubwa hivi. Akanieleza kuwa dawa ile huzuia pia seli njema zinazoongezeka haraka: za mdomoni, za tumboni, na za ndani ya mifupa ambako damu hutengenezwa. Ukimeza siku moja, seli hizo hupata siku zilizobaki za juma kujijenga upya. Ukimeza kila siku, hazipati nafasi. Mapumziko nayo ni sehemu ya dawa.

Akaniambia pia kuwa kosa hili si geni. Linatokea hata kwa wenye hospitali kubwa kubwa, kwa kuwa mkono umezoea kuandika "kila siku". Mwaka 2019 shirika linalosimamia dawa katika Umoja wa Ulaya lilipendekeza hatua mpya, mojawapo ikiwa ni maonyo ya wazi kwenye pakiti za methotreksati kuwa ni dawa ya mara moja kwa juma. Alisema hayo kunipa moyo, lakini hayakuniondolea usiku ule.

Baba alilala hospitali siku kumi na mbili. Siku nne za mwanzo hakuweza kusema. Mimi nilikuwa nikija baada ya shule, nikakaa kwenye benchi kando ya kitanda na kitabu ambacho sikukisoma. Siku ya tano alinyanyua mkono, ule mkono wa finjani, akaniashiria nisogee.

"Nisamehe, baba," nikasema kabla hajaanza.

Alichukua muda kupata sauti. "Mwanangu, wewe wajua kusoma. Mimi najua kusikia. Siku nyingine yakigongana haya mawili, tusishindane. Tuinuke wote tukaulize."

Sikuwa na la kujibu. Nililia kama mtoto, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakajifanya wamelala.

Alipopona, tulirudi kwa daktari wa ngozi. Baada ya miezi ya kusubiri na kupimwa tena, akamrudishia methotreksati, akianza na kidogo zaidi. Safari hii aliandika kwa herufi kubwa juu ya pakiti: JUMATATU TU. Mama aliogopa mno. Baba akasema dawa haikumkosea, tulioikosea ni sisi.

Nimalizie kwa jambo moja lililotokea muhula uliopita. Rafiki yangu wa bwenini ana selimundu, ugonjwa wa damu tunaoujua sana sisi watu wa pwani. Aliandikiwa hydroksiurea, na yeye pia jamaa zake walipiga kelele: dawa ya kansa! Nikamwambia keti nikupe hadithi. Hydroksiurea nayo ilianza kwa saratani, na kwa miaka mingi madaktari wengine waliwapa pia wagonjwa wa soriasisi kama babangu. Halafu ikaonekana kuwasaidia wenye selimundu. Watu wakahofu kuwa huku Afrika, penye malaria, ingewadhuru watoto. Basi uchunguzi ukafanywa katika nchi nne: Angola, Kongo, Uganda na Kenya. Na hapa Kenya ulifanywa wapi? Kilifi! Mji ule ule tunaoupita kwa matatu bila kugeuza shingo. Watoto 606 walimeza dawa hiyo, na matokeo yakatangazwa mwaka 2019: maumivu yalipungua zaidi ya nusu, malaria ikapungua karibu nusu, na vifo vikapungua pia. Watoto wa kwetu, na wenzao wa nchi hizo tatu, wameufundisha ulimwengu.

Rafiki yangu akafurahi. Kisha nikamuuliza, "Umeandikiwa umeze vipi?" Akasema kila siku. Nikamwambia, "Nakuamini, lakini twende tukaulize." Tukaenda kwa muuguzi wa shule, naye akampigia simu daktari wake. Ilikuwa kweli kila siku. Hapakuwa na kosa lolote, nami sikuona haya hata kidogo.

Kwa hiyo, wanachama wenzangu, mkipewa dawa ulizeni siku, ulizeni kiasi, na rudieni mlichoambiwa mbele ya aliyewaambia. Karatasi ikisema hili na mzee wako akisema lile, usimnyamazishe mzee kwa sababu wewe umesoma. Inukeni mkaulize.

Nyumbani kwetu ukutani pana kalenda. Kila Jumatatu nazungushia tarehe kwa kalamu nyekundu, na ninapokuwa shuleni mdogo wangu ndiye azungushaye. Baba humeza vidonge vyake usiku, akaniuliza au akamwuliza mdogo wangu, "Leo siku gani?" ijapokuwa anajua. Akishajibiwa ndipo anapomeza. Na kesho yake alasiri, ukipita barabara ya Shela, utamsikia: kling, kling, kling.